Kutu ya Mbele na Kutu ya Nyuma

Jumamosi, 12 Aprili. Mvua imeshika milimani tangu alfajiri. Huku mjini Same tumepata manyunyu na upepo tu.

Shule niliishia la saba, na haya ya magari huenda nimeyaelewa nusu. Ila nilikuwepo gereji, nikaona.

Gari letu tulilinunua kwa rafiki wa mume wangu, mwenye duka karibu na stendi, ambaye naye aliliagiza Japani likiwa limeshatumika. Kwa juu linang'aa hadi leo. Wiki iliyopita mlango wa nyuma ulikataa kufungika. Fundi wa kuchomelea akasema bodi imelala, kwa sababu chesisi, yaani zile boriti za chini zinazobeba gari zima, imeliwa na kutu.

Tulipofika nyumbani mume wangu akasema, "Ameniuzia jeneza. Nampeleka baraza la kata."

Hawa wawili wanakunywa kahawa pamoja tangu sijaolewa. Baba mkwe alipofariki, rafiki huyu alilala nje kwenye mkeka na sisi mpaka tulipoanua matanga. Nikaona sasa tunampoteza kwa ajili ya chuma. Nikamwomba mume wangu jambo moja tu: kabla ya baraza, waje wote wawili waangalie pamoja.

Leo wakaja gereji. Hawakupeana mikono. Fundi ni Mchaga, akafurahi mno kuwapata Wapare wawili, watani wake, kwa mpigo.

"Karibuni mahakamani! Mpare akikosa jirani wa kumshtaki, anaishtaki kutu."

"Wewe fanya kazi," mume wangu akamjibu. "Mchaga haki haijui, anajua bei."

Rafiki hakucheka.

Fundi akalala chini ya gari na bisibisi. Boriti ya nyuma alipoichoma ilitoboka kama mkate uliolowa, ukamwagika unga mwekundu wenye chembe nyeupe. Akaweka chembe moja ulimini.

"Chumvi hii. Mzee, humu nyuma mnabeba nini?"

Mume wangu huwauzia wafugaji wa tambarare chumvi ya mifugo. Kila wiki hupakia magunia kuelekea Ndungu, na yakilowa maji yake hupenya sakafuni. Alisimama anaangalia viatu vyake.

"Alhamdulillahi," rafiki akasema, kwa sauti ya mtu aliyeachiwa huru.

Nilimhurumia mume wangu. Ila hata kama ningekuwa simhurumii, kuishia pale niliona si haki. Nikasema, "Fundi, samahani, na mbele je? Mbele hatujawahi kuweka gunia."

"Shemeji, na wewe!" rafiki akalalamika.

"Tuone tu, shemeji."

Mbele fundi alikwangua lami nyeusi iliyopakwa kwenye boriti. Chini yake kulikuwa na kipande cha bati kilichochomelewa juu ya kutu kuukuu.

"Hii ya siku nyingi," akasema. "Aliyeziba alijua anaziba nini."

Rafiki akaapa kwamba gari lilimfikia na lami ileile, wala hakuwahi kuigusa. Siwezi kuthibitisha. Namwamini, lakini labda ni kwa sababu nimemzoea.

Mume wangu ndiye aliyeanza kucheka, kile kicheko chake cha puani. "Nilikuwa nakushtaki, ujue."

"Ungeshindwa."

"Nusu."

"Haya, nusu," rafiki akakubali, na hapo ndipo walipopeana mikono.

Fundi alikataa kubandika bati jingine. Alisema sehemu yote iliyoliwa ikatwe, kiingie chuma kipya kinene, na mpaka hapo gari lisibebe hata kuku. Rafiki ana vyuma vilivyobaki alipojenga uzio wa duka, atatoa vya mbele. Vya nyuma tutatafuta sisi, na magunia yatapanda lori.

Sijui kama mgawanyo ule ni sawasawa. Kutu ya nyuma ni nyingi kuliko ya mbele, na ya nyuma ni yetu. Nilimwambia mume wangu hivyo tukirudi kwa miguu.

"Mke wangu," akasema, "kesi imefutwa, na wewe bado unatoa ushahidi!"

Jioni rafiki alikuja na maparachichi. Tulikula makande, na yeye aliongezwa mara mbili.