Usimshukuru Aliyekuacha Gizani Ndani ya Lifti

Nakumbuka siku lifti ilipotukwamia, mwanangu, mimi na Shangazi Atieno, na nikikwambia hasira imeniisha nitakuwa nakudanganya. Ilikuwa Houston, miaka ya tisini. Mimi bado msichana, nafanya kazi ya kutunza wazee. Shangazi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi kabisa. Tuliishi ghorofa ya tano kwa sababu ndiyo nyumba tuliyopata.

Tulikuwa tumetoka kanisani, mvua ya radi inanyesha. Tukaingia lifti, ikapanda kidogo, stima ikapotea. Giza totoro, na joto la Houston unalijua wewe. Nikabonyeza kengele, haikulia. Nikainua simu ya dharura ukutani, kimya. Simu hiyo wapangaji wote tulijua ni mbovu. Lakini watu wetu walikuwa wakiambiana kwamba tumekuja kutafuta maisha, tusijulikane kwa maneno mengi. Basi tukanyamaza, na meneja wa jengo akafurahia kunyamaza kwetu.

Shangazi akaanza kutetemeka, sukari inamshuka. Alikuwa amejidunga dawa asubuhi na chakula chake kilikuwa juu, jikoni. Nikapapasa mkoba, nikapata peremende, nikamtia mdomoni. Nilimshika mkono, umelowa jasho, nikafikiri anakufa mikononi mwangu. Huko nje vijana wa kanisa letu, waliotusikia tukigonga mlango, wakaleta chuma, wanataka kupanua mlango watuvute. Shangazi, na unyonge wake wote, akawakaripia.

"Wekeni hicho chuma chini. Lifti imesimama katikati, mtu akiteleza anaingia shimoni. Waiteni zimamoto."

Zimamoto wakaja wakatutoa. Sasa sikia kilichonichoma roho. Jengo zima giza, lakini ofisi ya meneja inang'aa, kiyoyozi kinavuma, na taa za bwawa la kuogelea zinawaka. Jenereta lilikuwepo, mwanangu. Lilikuwa linampoza meneja na kumulika maji ambayo hayana hata mtu, huku mwanamke mgonjwa anang'ang'ania uhai hatua chache kutoka pale.

Na bado Mzee Kimani, mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya, akamwendea huyo meneja, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru na kumwomba radhi kwa usumbufu. Ndivyo tulivyolelewa, kushukuru hata tunapoumizwa.

"Kimani," Shangazi akamwita, ameketi sakafuni. "Radhi ya nini?"

"Mama, tusiharibu uhusiano na watu."

"Uhusiano gani? Ningefia mle ndani, ungemshukuru pia?"

Kesho yake Shangazi akaniambia nipige simu kwa wakaguzi wa jiji. Wakaja, wakaifunga lifti mpaka kengele, simu na umeme wa akiba virekebishwe. Hapo ndipo watu wetu walipomnunia. Walipanda ngazi na mifuko ya ununuzi wakimsema yeye, hata siyo meneja. Na aliyeumia zaidi ni yeye, maana kwa magoti yale hakuweza kushuka. Jumapili baada ya Jumapili alikaa dirishani akitazama wenzake wakienda kanisani.

Nilimsihi aondoe yale malalamiko kwa wakaguzi, lifti ifunguliwe hivyo hivyo. Akanitazama kwa ukali ambao sijausahau. "Wewe ulikuwa mle ndani na mimi," akasema. "Unataka nani aingie tena?"

Sasa wewe unahamia Dallas, ghorofa ya kumi na moja, na umeniambia jengo ni zuri sana. Sawa. Kabla hujaweka saini, inua simu ya lifti usikie kama kuna mtu. Uliza jenereta lao linawasha nini, wakuonyeshe. Radi ikipiga, tumia ngazi kama miguu inaruhusu. Ukikwama, keti, usipanue mlango kwa nguvu, ngoja wanaojua kazi hiyo. Na kitu kikiwa kibovu, sema, hata wenzako wakikununia, hata kama wewe ndiye utakayefungiwa ndani kwa kusema. Usalama wako si zawadi ya mwenye nyumba, usimpigie magoti kwa ajili yake.

Mungu akupandishe salama na kukushusha salama, mwanangu, na akupe mdomo mgumu kama wa Shangazi yangu.