Mashini Iliyokataa Sauti ya Mama

Mimi nina hasira za karibu, na kompyuta yangu inanijua. Siku niliyoweka kihariri, ile programu ya kuandikia, ili kinikagulie faili za kamusi ya kilugha chetu, niliitukana mpaka mama akaacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, akaja kuchungulia.

"Inakufanya nini, hii mashini?"

"Inakaa kimya tu, mama."

"Basi iko na adabu kukupita wewe," akasema, akarudi kwenye kinu chake.

Kamusi yetu inaandikwa kwa XML, mtindo wa alama wa kompyuta. Kila neno lina nyumba yake, yenye alama ya kufungua na ya kufunga, na ndani kuna vyumba: maana, mfano, sauti iliyorekodiwa. Sheria zote zinakaa kwenye faili moja la pembeni. Kihariri kikielekezwa huko, kinapiga mstari mwekundu chini ya kila kosa. Changu hakikupiga hata mmoja. Nikafurahi kama mjinga, nikatuma kazi yote kwa mwenzetu aliye Kisangani anayeunganisha faili za kila mtu.

Kesho yake akanipigia: "Dada, faili zako zimekataliwa zote."

Kumbe nilikosea njia ya kufikia lile faili la sheria! Kihariri hakikuliona, kwa hiyo hakikuwa kinakagua chochote. Nilipoirekebisha njia, kioo kikawa chekundu juu hadi chini. Eh, mama wee!

Nikasahihisha, nikasahihisha. Mwishowe yalibaki maneno machache yenye mstari, na yote yalikuwa ya mama: majani na mizizi ya porini. Hayo ndiyo niliyoyataka kuliko yote. Hakuna mwingine kwetu anayeyajua vizuri, na sauti ya mama imeanza kumwisha, inakatika katikati ya salamu. Tatizo lilikuwa chumba cha sauti. Sheria zilikubali aina mbili tu, maongezi au wimbo. Mimi nilikuwa nimeandika "kunong'ona", kwa sababu ndivyo alivyorekodi. Mwenzetu akasema mama arekodi upya kwa sauti ya kawaida, ama tuyaache nje.

Tuyaache nje! Damu ikanichemka. Nikamkalisha mama, simu mkononi. Neno la maji alilisema vizuri, la kinu akalisema kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, anacheka. Tukafika kwenye mzizi mmoja wa porini, akashusha sauti.

"Mama, kwa nguvu kidogo."

Akasema tena, chini vilevile.

"Mama! Vita viliisha zamani!"

"Najua viliisha. Mi mwenyewe njo niliwatoa kule porini. Lakini hili neno linasemwaka hivi."

Wakati wa vita tuliukimbia mji wa Kindu tukajificha porini, upande wa Kailo. Watu wenye bunduki walipita njiani, karibu nasi kiasi cha kuwasikia wakikohoa. Mama hakuwasha moto mchana, hakutwanga. Alishika jani, akatunong'oneza jina lake sikioni, mtoto mmoja mmoja, na kila mmoja alilirudisha hivyo hivyo, chini. Hakuna aliyekula kabla ya kurudisha. Alitaka tuweze kujitafutia chakula kama yeye angepotea. Hakutuambia, lakini tulijua. Ukipatia, alisema: "Haya, sasa kula." Nilimpenda mno mama yule wa porini, na nilimwogopa.

"Basi nitasema mwenyewe," nikamwambia kwa hasira. Nikaivuta simu mdomoni, nikajaza kifua pumzi kama mtu anayetaka kuita ng'ambo ya mto. Neno likatoka kwa kunong'ona. Nikajaribu tena. Wapi! Koo lilikataa kabisa. Mama, ambaye hunicheka kwa kila kitu, safari hii hakucheka. Alinishika goti tu. Nililia, sitaficha.

Nikampigia mwenzetu. Sikumfokea, ingawa nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Nilimweleza habari ya jani na sikio, mpaka mwisho.

"Ongeza hiyo aina kwenye sheria, dada," akasema. "Mi nitaitia kwenye faili za wote. Hata kwetu Lubutu iko maneno ya namna hiyo."

Nikalifungua faili la sheria. Chini ya maongezi na wimbo, nikaandika aina ya tatu: kunong'ona. Nikahifadhi. Mistari myekundu ikafutika yote, na safari hii nilihakikisha kwanza kwamba kihariri kinakagua kweli. Nikaweka kosa makusudi, likapigwa mstari, nikaliondoa.

"Mama, njoo. Umeingia kwenye kamusi."

Akaja anapangusa mikono kwenye kitenge. Nikabonyeza, na sauti yake ikatoka kwenye mashini, ndogo, ikisema jina la ule mzizi. Akaisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akanitazama, akainua kidole, akangoja.

Nikarudisha neno, chini.

Sahani yangu ya ugali na sombe ilikuwa pembeni pale tangu mchana, imepoa. Akaisogeza mbele yangu.

"Haya," akasema. "Sasa kula."