Fundi wa Makaa Aliyekabidhiwa Kondoo

Saa tatu asubuhi, Tanuri amesimama kati ya kondoo dume na paneli ya jua, mikono ameitandaza kama mlinda mlango.

"Huyo si adui, ni wewe mwenyewe!" anamfokea. Kondoo amejiona kwenye kioo na anataka ugomvi.

Hii ndiyo kazi mpya ya Tanuri katika kituo cha umeme wa jua. Kwa zaidi ya miaka ishirini alihudumia tanuri la makaa ya mawe kwenye mtambo wa jirani, ndiko alikopata jina. Mwaka jana mtambo ukafungwa. Kati ya wafanyakazi mia tatu, arobaini tu ndio waliohamishiwa hapa.

"Nilimshukuru Mungu. Kisha nikakabidhiwa fimbo," anasema.

Kondoo hula nyasi zisizibe paneli. Mashine ya kufyeka ilijaribiwa, ikarusha mawe na kupasua vioo.

Siku ya kwanza ilikuwa kizaazaa. Tanuri, aliyezoea ngurumo, alikuta kituo kimetulia kama maji ya mtungini. Akampigia simu msimamizi: "Bosi, mtambo umezimika!"

Msimamizi alicheka mpaka akapaliwa. "Jua halina ngurumo, bwana! Hapo hapo ulipo, nusu ya mji inakutegemea!"

Mkewe, fundi cherehani, hajazoea. "Zamani alikuwa akirudi mweusi, namtambua kwa meno. Sasa ananuka zizi. Makaa angalau hayakumfuata mpaka mlangoni."

Alikuwa hatanii. Wiki moja kondoo wawili walimfuata Tanuri hadi nyumbani, wakala suruali ya mteja wa mkewe.

Nchi nzima inahama hivyo hivyo. Mahitaji ya umeme yanapanda kila mwaka, na makaa bado yanazalisha zaidi ya nusu. Wataalamu wa mipango ya nishati wanatarajia jua na upepo kushika nafasi hiyo ndani ya miaka kumi na tano. Kikwazo ni kwamba watu huwasha taa jua likishazama. Ndiyo maana kituo kinajenga ghala la betri kubwa za kuhifadhi umeme.

Mkataba wa Tanuri unaisha Desemba. Mwezi ujao, akiwa na miaka hamsini na mmoja, anaanza mafunzo ya betri hizo. Akifeli, hana kazi.

"Nataka siku moja niwashe taa usiku, nimwambie mke wangu: hili ni jua la saa saba mchana, nimekuwekea."

Mkewe hainui macho kwenye cherehani. "Aniwekee na la kuanikia nguo."