Fimbo ya Mhunzi

Enzi hizo kijiji cha juu na cha chini vilikutana kila baada ya mavuno kupigana fimbo, na sheria ilikuwa moja: la uwanjani huishia uwanjani. Anayekufa huzikwa, na aliyemuua huja matangani kama watu wengine. Ndivyo mhunzi wa kijiji cha chini alivyokuja kijiji cha juu kumzika kijana aliyemuua, kifungua mimba wa Mama Mafuta. Alishika jembe akachimba kaburi kwa bidii kuliko ndugu za marehemu. Mama akamtazama, moyo ukatunga usaha.

Jina hilo Mama Mafuta alipewa na kazi. Fimbo za vijiji vyote viwili zilipita mikononi mwake. Alizipaka mafuta na kuzining'iniza juu ya moshi siku saba, akizigeuza kila asubuhi. Fimbo iliyonyimwa mafuta hukauka ndani ikawa kama bua, na kwa macho huijui. Mwaka uliofuata fimbo ya mhunzi aliipaka juu juu tu, ing'ae. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kura ilipomwangukia mwanawe wa pili, ndiye pekee aliyebaki, apambane na mhunzi, mama alikaribia kucheka. Mungu si Athumani.

Uwanjani mhunzi hakuinua fimbo. Alimpa kijana kwa mikono miwili.

"Shika yangu, mdogo wangu. Ni nene kuliko hiyo yako. Sitaki msiba mwingine nyumbani kwenu."

Kijana akaipokea, akampa yake. Mama akinyamaza, anazika wa pili; akisema, hana pa kuweka uso wake. Miguu iliamua kabla yake, akajikuta katikati ya uwanja.

"Itupe, mwanangu. Hiyo fimbo nimeiua mimi."

Mhunzi aliichukua, akaiweka gotini. Ikakatika mara moja. Hakumtukana, na afadhali angemtukana.

"Mama," kijana alisema taratibu, "kaka alipigwa usoni, watu wote wanaona. Wewe ulitaka kumpigaje mwenzio?"

Aliondoka na mhunzi, na hakurudi.

Tangu hapo hakuna aliyemletea Mama Mafuta fimbo. Mafuta yaliganda chunguni kando ya meko. Kila asubuhi, kwa mazoea, huamka mapema akakaa mlangoni, akisikiliza karakana ya mhunzi kule bondeni. Zamani nyundo ilikuwa moja. Sasa ni mbili, zinapokezana.