Neno la Kumsifia Mama Mkwe

Nichekeni tu, wasomaji, maana hata mimi nimeshajicheka. Nafundisha Kiingereza katika mojawapo ya hizi shule za binafsi zinazochipuka Moshi kama uyoga, na ugonjwa wangu ni maneno yaliyokwisha kusahaulika. Majuzi nilikutana na neno "buxom" katika kitabu kikuukuu. Maelezo ya pembeni yalisema watu wa kale walimwita hivyo mwanamke mtiifu na mchangamfu. Nikaona nimeokota lulu.

Jumamosi nikapanda Machame na baba zangu wadogo, kujitambulisha kwa kina Ndeshi, mchumba wangu. Nilipopewa nafasi ya kusema, nikataka mjomba wake aliyesoma Uingereza ajue kwamba binti yao hajaangukia kwa mbumbumbu. Nikamgeukia mama mkwe, nikainama kwa heshima.

"Mama, sijawahi kuona mwanamke aliye buxom kama wewe!"

Mjomba akapaliwa na pombe ya mbege. Mimi nikadhani hakunisikia vizuri, nikarudia kwa sauti zaidi.

"Kaka, amesemaje huyu?" mama mkwe akauliza.

Mjomba akajifuta mdomo, akatazama dari. "Dada, neno hilo siku hizi ni la mwanamke mwenye kifua kikubwa."

Ndeshi akajifunika uso kwa kanga, na baba mdogo mmoja akanikanyaga mguu kana kwamba bado nilikuwa na la kuongeza. Mama mkwe akajitazama, akavuta kitenge taratibu hadi shingoni.

"Basi angalau macho yake ni mazima," akasema. "Mpeni nyama ale, anyamaze."