Televisheni ya Bigwa Ilipopoteza Picha

Tuliokulia Morogoro miaka ile televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia Bara, tunakumbuka kwamba nyumba yenye televisheni haikuwa na haja ya kufunga mlango. Kwetu Bigwa ilikuwa hivyo. Jioni baraza lilijaa kandambili za kila rangi, nyingine zimeshonwa kwa waya, na ndani watu walikaa mkekani mpaka karibu kabisa na kioo. Waliokosa nafasi walisimama dirishani. Antena baba aliifunga juu ya mwanzi mrefu alioukata mlimani, na kazi yetu watoto ilikuwa kuuzungusha ule mwanzi huku tukipigiwa kelele kutoka ndani: "Bado chenga! Rudisha! Hapo hapo, usipumue!" Watoto wa leo picha ikikwama kidogo kwenye simu wananuna kama wamenyimwa chakula.

Mchana tulikuwa na mambo yetu. Tulioga kwenye maji ya mlimani, baridi mpaka meno yanauma, tukacheza kombolela na rede, tukala mihogo ya kuchoma na mananasi yaliyoteremshwa kutoka Kinole vichwani mwa akina mama. Shule nayo ilikuwepo. Mimi niliiacha mapema nikaanza kutembea, na mpaka leo sijatulia mahali. Lakini kila nilikoishi nimekuwa na tabia ya kutazama watu wanafanyaje kitu chao kinapoharibika. Nadhani ilianzia pale nyumbani.

Televisheni ile ilikuwa ya baba. Baba alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Morogoro na kazi ya kiwandani. Nyumba tuliyokaa ilijengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama, na kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Sisi watoto pia tulihesabiwa wa huko. Mwenye kauli alikuwa mjomba Saidi, kaka yake mama, aliyekaa Kinole kwenye mashamba ya ukoo. Baba hakuwahi kulalamikia mpango huo. Kiwanda kilipouzwa na yeye kupunguzwa kazi, alichukua kiinua mgongo chake akanunua televisheni, ya kioo kidogo, isiyo ya rangi, akaiweka sebuleni. Mama akaifumia kitambaa. Mle ndani hamkuwa na kitu kingine kikubwa ambacho baba angeweza kusema ni chake.

Iliharibika wakati wa masika. Picha ilijibana kutoka juu na chini mpaka ukabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo. Sauti ilibaki nzima, safi kabisa.

Majirani waliendelea kuja, nadhani kwa mazoea. Walikaa mkekani wakiutazama ule mstari na kusikiliza. Baba, kwa kuona haya, akaanza kuwasimulia picha ambazo yeye mwenyewe hakuziona.

"Sasa anaingia mlangoni," alisema. "Amekasirika huyo."

Mama Zuhura, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa na ulimi.

"Baba Mwajuma, na huyo anayelia ni nani?"

"Mke wa yule mwenye gari."

"Gari lenyewe la rangi gani?"

"Mama Zuhura, lini umeona rangi kwenye televisheni hii?"

Watu walicheka mpaka tangazo la sabuni likapita. Hata hivyo siku zilivyokwenda mkeka ulizidi kuwa mtupu. Watu walihamia nyumba nyingine yenye picha, na sisi watoto tukawafuata.

Baba aliibeba televisheni kwa baiskeli mpaka kwa fundi mmoja nyuma ya stendi. Nilikwenda naye nikiishika isianguke. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akatazama kwa muda.

"Mzee wangu, kipuri chake sina," akasema. "Mpaka ife nyingine ya aina hii, nitoe huko niweke humu. Lakini kwa nini ujisumbue? Kariakoo sasa zimejaa, mpya na za mtumba. Watu hawatengenezi siku hizi, wananunua."

"Nitasubiri hiyo nyingine ife," baba akajibu, na tukairudisha nyumbani.

Mama alimsikiliza akiwa anapeta mchele. Kisha akasema pilipili manga ya Kinole imeshakauka, mjomba anaipeleka Dar es Salaam wiki ile, na yeye fungu lake angemwambia mjomba anunulie televisheni ya rangi. Watoto wamekuwa wazururaji, wanatafuta picha kwenye nyumba za watu.

"Itakuwa ya nani?" baba akauliza.

"Ya nyumba."

"Nyumba ya nani, Mama Mwajuma?"

Mama aliendelea kupeta. Hata mimi, kwa akili za utoto, nilielewa. Shamba lilikuwa la ukoo, pilipili ya ukoo, kiwanja cha ukoo, na kwa desturi yao hata sisi. Ikija televisheni ya pilipili, ile ya baba ingepelekwa stoo, naye angebaki sebuleni kama mgeni aliyezoeleka.

Mjomba Saidi aliteremka siku ya pili yake na mkungu wa ndizi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akautazama ule mstari mweupe kwa heshima kama anayetazama mgonjwa. Kisha akatoa uamuzi kwa upole. Televisheni itanunuliwa, iwe ya watoto wa dada yake.

"Sawa, shemeji," baba akasema. "Mimi nitakuwa naomba ruhusa kwa watoto."

Mjomba alicheka akidhani ni utani. Mama hakucheka.

Mjomba alirudi kutoka Dar es Salaam na televisheni imefungwa kwenye blanketi. Ya rangi, kubwa, ya mtumba. Habari ilimtangulia, maana alipofika majirani walikuwa wameshakaa, Mama Zuhura mbele kabisa. Baba alikuwa amekaa kando kwenye kigoda. Ile ya zamani ilikuwa imeshushwa sakafuni, kitambaa chake kimehamishiwa kwenye ile mpya. Mjomba akachomeka waya. Rangi zikaja, nyekundu nyekundu, nyuso za watu kama nyanya. Watu wakapiga makofi. Mtangazaji akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka.

Mjomba alizungusha kitufe hiki na kile. Kimya. Akaipiga ubavuni. Kimya.

"Dukani ilikuwa inaongea?" Mama Zuhura akauliza.

Mjomba alifikiri. Dukani palikuwa na redio kubwa inapiga muziki mlangoni, na kwao Kinole wakati ule umeme haujafika, televisheni alizoea kuitazama kwa kupita tu. Aliona picha inatembea, akasikia kelele, akaridhika.

"Ilikuwa... palikuwa na sauti pale," akasema.

Kicheko kilianza dirishani kikaingia ndani. Pilipili ya mwaka mzima ilikuwa pale imekaa bila sauti, na mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. Baba angeweza kumaliza hesabu zote jioni ile kwa neno moja. Nilimtazama nikilisubiri.

Aliinuka. Akachukua ile yake sakafuni, akaisogeza chini ya ile kubwa, akachuna waya wa antena akaugawa, akaiwasha. Mstari mweupe ukajitokeza, na sauti ya mtangazaji ikajaa chumba, sambamba na midomo iliyokuwa inachezacheza juu.

"Nashukuru, shemeji," baba akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Umenunua picha tu. Sauti ulijua tunayo."

Mjomba akainua kichwa. "Ndiyo, shemeji. Ningenunuaje kitu ambacho wewe unacho?"

Mama aliondoa kitambaa kule juu, akakirudisha kwenye ile ya chini, ukingo wake ukiteremka mbele kidogo kufunika ule mstari. Kwa miaka yote iliyofuata tulitazama hivyo. Aliyetaka kuongeza sauti alimwambia baba, na hakuna aliyezungumza tena habari ya fundi wala ya kununua.

Sasa nimeishi miji mingi, nimelala kwenye vyumba vya gesti ambavyo kila kimoja kina televisheni yake ukutani, nyembamba kama daftari. Vijana wananiambia chombo kikifika mwaka wa tatu kimezeeka. Yangu ilipozimika majuzi, kijana wa dukani hakuitazama hata mgongo. "Mzee, chukua nyingine," akasema. Nilichukua nyingine mchana ule ule, nikaibeba mwenyewe mpaka chumbani. Hakukuwa na mtu wa kunibishia.