Chumba cha Kutazama Ziwa

Leo bibi yangu amelifungia Ziwa Viktoria dirisha.

Ameishi kijijini Bukiriro, mbali na ziwa, miaka yote bila kuliona. Safari hii ya kandokando ya ziwa niliipanga kwa ajili yake, na nyumba za kulala wageni nilizichagua kwa wiki tatu. Kila niliyempigia simu nilimuuliza jambo moja: dirisha linatazama wapi?

(Ndiyo, najijua.)

Tumefika Muleba saa nane mchana. Nikavuta pazia. Maji matupu, mpaka upeo wa macho.

Bibi akatazama kidogo, akafunga dirisha.

"Zuri. Sasa niombee chumba cha nyuma."

"Bibi! Nyuma kuna migomba tu!"

"Nimeiona. Haijapogolewa, maskini. Wewe baki na maji yako, mjukuu wangu, umeyatafuta sana."

Nilitaka kulia, kweli.

Nikakaa na ziwa langu nusu saa, peke yangu. Huko nyuma nikamsikia Bibi akimwonyesha mama mwenye nyumba namna ya kukata majani makavu. Wanacheka kama waliosoma pamoja.

Nikabeba kiti, nikahamia nyuma.

Bibi akanikabidhi kisu bila hata kunitazama.

Semeni ukweli: ninyi mngebaki na ziwa?